Nukta Badala ya Jina

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na saa nne na dakika kumi chumba cha kusomea kilikuwa kimejaa watu ambao tangu mwaka jana hawajagusa kitabu. Sikulalamika. Kwa kuleta wasomaji maktabani, mvua inanishinda mimi na mabango yangu yote.

Lakini ilikuja na balaa. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maktaba na hajui kusoma kimoyomoyo, alikaa kwenye kompyuta namba tatu kutafuta namna ya kupogoa mawaridi. Akaandika "jinsi ya" tu, kisanduku cha kutafutia kikamdakia maneno na kumalizia chenyewe. Naye akasoma kwa sauti yake ya darasani: "Jinsi ya kumwambia mume sitaki kuzaa tena." Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikasema "Shii!", maana ndiyo kazi yangu, na ndilo jina langu pia. Hapa wananiita Dada Shii, na sijui kama kuna anayekumbuka lingine.

Mtu mmoja hakucheka. Fundi cherehani, mama wa watoto watano ambaye kila Jumatatu hukaa kompyuta hiyo hiyo, aliinuka, akachukua mwavuli wake na kutoka nje mvua ikinyesha, bila hata kuufungua.

Kama Mwalimu angeandika "uvimbe", kisanduku kingemalizia yangu. Ni wiki ya tatu sasa nafungua maktaba saa mbili kasoro dakika ishirini, karibu saa nzima kabla ya wasomaji, nakaa kwenye namba tatu na kuiuliza kuhusu kitu kigumu kama punje ya mahindi kilichomo kwenye titi langu la kushoto. Sijamwambia mtu. Mama yetu aliondoka kwa saratani ya hapo hapo. Simu yangu siwezi kuitumia, kwa sababu mdogo wangu ninayeishi naye huishika kuliko mimi, na ana mimba ya miezi saba. Sitaki aone.

"Binti, mashine hii ina mdomo!" Mwalimu aliniambia wakati wa kufunga. Anataka ukurasa mmoja ifikapo kikao cha tarehe 9 mwezi ujao: tuweke injini gani ya kutafutia kwenye kompyuta zote tano, ili siri ya mtu ibaki yake. Nimesema sawa. Ningesema nini kingine?

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Fundi cherehani hakuja. Najua Jumanne si siku yake, lakini nilitazama mlango mara nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo, nikiwa na miaka arobaini na moja na cheti cha ukutubi ukutani, nimegundua kwamba injini za kutafutia ni nyingi na mtu anaweza kuchagua. Nilidhani ni kama jua, liko moja na halina mbadala.

Nimezipa majina ya utani ili nisichanganyikiwe. Ile kubwa nimeiita Jabali. Hiyo tuliikuta ndani ya kompyuta, kama unavyokuta kitanda kwenye chumba cha kupanga: hukukichagua, lakini unakilalia miaka. Jabali inajua mambo mengi mno, na usipoizuia inaweka kumbukumbu ya uliyoyauliza. Nyingine nimeiita Msahaulifu. Yenyewe inasema haiandiki nani kauliza nini. Nimepiga mstari chini ya neno "inasema", kwa sababu hata mimi husema naamka mapema.

Nimempigia Fundi Waya, anayetutengenezea kompyuta, aje anieleze vizuri.

"Niko njiani, bosi."

"Njia gani? Nasikia sufuria zinaoshwa nyuma yako."

"Mvua ikipungua tu, bosi."

Jumatatu, 10 Machi

Fundi cherehani hakuja. Kiti chake kilikaliwa na mtu aliyekuja kukausha soksi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimezijaribu injini zote mbili asubuhi, kwa haki kabisa, kama mtu anayeonja mchuzi wa wake wenza. Nimeziuliza swali lile lile, neno kwa neno: uvimbe kwenye titi usiouma ni nini.

Jabali imeleta majibu chungu nzima na picha ambazo sikuziomba. Msahaulifu imeleta machache, mengine si ya Kiswahili, moja lilikuwa la ng'ombe. Lakini katika mstari wa kwanza zote mbili zimesema kitu kimoja: nenda ukapimwe.

Nimezifunga zote mbili.

Jumanne, 18 Machi

Paa linavuja juu ya rafu ya historia. Nimeweka ndoo.

Saa nane mchana akaingia Mama Kadi, ameloa chapachapa, viatu mkononi. Huyu ndiye aliyenitangulia kwenye kiti hiki. Alikaa miaka ishirini na sita, akastaafu mwaka juzi, na nilichokijua kuhusu kazi hii nimekijua kwake. Tunamwita Mama Kadi kwa sababu enzi zake kila kitabu kilikuwa na kadi mfukoni, na kila aliyekiazima aliandikwa jina, aliyemfuata akaliona. Isipokuwa vitabu vya maradhi na vya mambo ya ndoa. Kwenye hivyo alikuwa haandiki jina, anaweka nukta. Kadi nzima nukta tupu, na mwenye kila nukta alikuwa kichwani mwake. Hata siku moja hakukosea, na hata siku moja hakumwambia mtu.

"Mwanangu," akasema, "Alhamisi nina miadi ya macho hospitali. Naogopa kwenda peke yangu."

Nikamtazama. Mwanamke huyu aliwahi kumtoa nje mlevi mwenye panga akitumia kamusi tu.

"Unaogopa, Mama?"

"Naogopa sana. Nisindikize."

Alhamisi, 20 Machi

Nimechoka, lakini nikilala bila kuandika haya sitaamini kwamba yametokea.

Miadi yake ya macho ilichukua dakika saba. Alisoma herufi zote mpaka zile za chini zenye ukubwa wa sisimizi. Tukatoka kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi, nikadhani tunaondoka. Mama Kadi akakaa.

"Ule mlango wa kijani kule mwisho," akasema, huku akitafuta kitu kwenye mkoba wake, "leo hauna foleni."

Nikasoma kibao juu ya mlango: Kliniki ya Matiti.

"Sijakuelewa, Mama."

"Sijasema kitu. Mimi nina gazeti langu hapa. Nitasoma mpaka matangazo ya vifo. Sitatazama nani anaingia wapi."

Akafungua gazeti, akajifunika uso wote. Nilisimama pale kama kuku aliyenyeshewa. Nilitaka kuondoka. Nilitaka kumuuliza umejuaje, lakini ukiuliza hivyo umeshakiri. Mwishowe nilijikaza kisabuni, nikaenda. Nilihesabu vigae vya sakafu, vilikuwa thelathini na tisa.

Daktari ni mwanamke wa rika langu mwenye mikono ya moto. Namshukuru kwa mikono hiyo. Alipima, akapiga picha, akachukua chembe kwa sindano. Aliniuliza kuhusu mama, nikamweleza. Hakusema "pole" kwa haraka ya kuendelea na kazi. Aliisema, akangoja. Majibu ni Alhamisi ya tarehe 3.

Nilipotoka, Mama Kadi alikuwa bado nyuma ya gazeti. Lilikuwa juu chini. Tukarudi kwa mwavuli mmoja, na mvua ikatulowesha bega moja moja. Nilidhani ni macho ya uzee tu, kwamba wanawake waliozeeka wanaona mtu anavyotembea na kujua. Nilishukuru moyoni na sikuuliza.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi cherehani hakuja. Mvua kutwa. Ndoo mbili sasa.

Ijumaa, 28 Machi

Fundi Waya amefika. Ametumia siku ishirini na mbili kutoka kwenye zile sufuria mpaka hapa.

Ni mtu mzima mwenye kitambi na subira, na akifungua kompyuta huongea nayo kwanza. Amenifafanulia jambo ambalo lingeniokolea wiki tatu za kuumia kichwa. Injini ya kutafutia ni kitu kimoja. Kivinjari, yaani dirisha la mtandao linaloishika, ni kitu kingine, nacho kina daftari lake la kumbukumbu. Na ukishaingia na akaunti yako, yaani ukishajitambulisha jina, hilo daftari linakufuata kokote uliko. "Kwa hiyo, bosi, unaweza kuweka injini isiyokumbuka kabisa, na bado kivinjari kikakuumbua. Ni sawa na kuwa na mke msiri na jirani mbea."

Halafu akakaa namba tatu, akabofya pembeni juu, akasogeza uso karibu na skrini.

"Bosi. Hizi kompyuta zina mwenyewe."

"Ni za maktaba."

"Mashine ni za maktaba. Akaunti ni ya mtu. Zote tano zimeingia kwa mtu mmoja."

Akanionyesha kiduara kidogo chenye picha. Alikuwa Mama Kadi, amevaa miwani yake ya kamba, anatabasamu.

Fundi akaeleza polepole, akidhani sijaelewa. Yote yanayotafutwa hapa yanaandikwa kwake, na saa zake. Akifungua simu yake nyumbani anayaona. "Nikufungulie uone?"

"Funga!" Nimesema kwa sauti mpaka wasomaji wakaniambia "Shii!"

Kwa hiyo hayakuwa macho ya uzee. Saa mbili kasoro dakika ishirini, maktaba imefungwa, ufunguo ninao mimi peke yangu. Nani mwingine? Amekuwa akinisoma kila asubuhi akinywa chai yake.

Nimwambie nini mwanamke huyu?

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwake. Nimepiga hodi kama mtu wa kudai kodi.

Alifurahi kuniona, na hilo lilinikasirisha zaidi. Akaanza kunitengea chai. Sikukaa.

"Mama, unaona tunachotafuta kwenye zile kompyuta?"

Akaweka kijiko chini. "Naona."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipoletwa. Fundi wa wakati ule alileta fomu, inauliza msimamizi wa vifaa ni nani. Msimamizi nilikuwa mimi. Nikajiandika mimi, kwenye zote tano, kwa akaunti ile ile ya simu yangu. Nilidhani ni kama kusaini kupokea viti."

"Na ukaona ni sawa?"

"Mwaka mzima sikuelewa, mwanangu. Nilidhani simu ndiyo inayonishauri. Mara minyoo ya kuku, mara barua ya kuomba kazi, mara dawa ya upara. Nikawa najiuliza, simu hii inanionaje?"

Nilitaka kucheka, nikabana midomo. Nilikuwa nimekuja kugombana.

"Na ulipoelewa?"

"Nilipoelewa nilipaswa kusema siku ile ile. Niliona aibu. Kisha nikazoea. Kisha nikastaafu." Akageuza kikombe chake. "Miaka ishirini na sita mji mzima unapita mezani kwangu. Halafu siku moja hakuna anayepita. Nilikuwa nafungua simu kuwaona watu. Sikumwambia mtu yeyote neno hata moja."

"Wewe uliyenifundisha nukta!" Nilikuwa nalia sasa, bila kutaka. "Mwenye nukta alikuwa anajua kwamba unajua. Alikuja mezani kwako na kitabu mkononi, akakutazama machoni. Mimi sikukutazama. Mimi nilidhani niko peke yangu na mashine!"

Hakujitetea. Akasema tu, "Ningekuuliza, ungeniambia?"

"Ningesema sina kitu."

"Ndiyo hivyo."

"Siyo ndiyo hivyo, Mama! Ingekuwa ni juu yangu kusema sina kitu!"

Nikaondoka bila kunywa chai. Miaka yote niliyomjua sijawahi kuikataa chai yake. Ilikuwa imemiminwa tayari.

Jumatatu, 31 Machi

Fundi cherehani hakuja. Sasa najua alivyojisikia alipotoka na mwavuli uliofungwa.

Jumanne, 1 Aprili

Bado nimekasirika. Nimepanga upya rafu nzima ya kilimo kwa hasira, na imependeza.

Jumatano, 2 Aprili

Jambo moja halinitoki. Lile gazeti lilikuwa juu chini. Alikaa nyuma yake saa mbili nzima.

Alhamisi, 3 Aprili

Ni saratani.

Nimeandika neno hilo kwanza ili limalizike. Sasa mengine. Ni ndogo. Daktari wa mikono ya moto ameshika ncha ya kidole chake kidogo, akanionyesha: hivi tu. Haijatembea. Amesema wengi huja kwake baada ya mwaka au miaka miwili ya kujiambia kesho, na mimi nimekuja mapema. "Nani alikuhimiza?" akauliza. Nikamwambia, mtu mmoja mwenye gazeti. Upasuaji ni tarehe 23.

Nimefika nyumbani, nikamwambia mdogo wangu pale pale mlangoni, kabla ujasiri haujapoa. Alilia, akashika tumbo lake, kisha akakasirika kama mama alivyokuwa anakasirika, mkono kiunoni.

"Wiki ngapi, dada?"

"Karibu wiki saba."

"Wiki saba tunalala chumba kimoja! Unaniona yai mimi?"

"Una mimba."

"Mimba iko tumboni, haiko masikioni!" Halafu akanikumbatia kwa ubavu, maana kwa mbele haiwezekani siku hizi. Mtoto akanipiga teke. Tumecheka mpaka tukakaa sakafuni, tukamkumbuka mama, tukalia tena.

Namshukuru Mungu kwa mdogo wangu. Nilimficha ili nisimwumize, kumbe nilikuwa najinyima mtu wa kulia naye.

Jumapili, 6 Aprili

Nimerudi kwa Mama Kadi. Safari hii nilipiga hodi ya kawaida.

Alifungua, akanitazama usoni, hakuuliza kitu. Nikakaa, nikaomba chai mwenyewe. Nilipokunywa nusu nikamwambia, "Asante, Mama. Umeniwahisha."

Akaficha uso kwa kanga. Nilimwacha kwanza.

"Lakini nimekuja na jambo la pili. Akaunti hiyo lazima itoke. Yote yaliyomo lazima yafutwe. Mimi nimebahatika, nimeonwa na mtu mwema. Nikiacha hivi, nawaambia watu wa mji huu wategemee bahati hiyo hiyo, kila mmoja, kila siku. Leo simu iko mkononi mwako. Kesho ikiibwa? Kesho kutwa akiishika mwingine?"

"Nimelifikiria hilo tangu Jumamosi ile," akasema. "Nimeshindwa kubonyeza. Nilikuwa nakungoja."

Tukakaa bega kwa bega juu ya simu yake. Fundi Waya alikuwa ameniandikia hatua kwenye karatasi. Ilitokea orodha ndefu, nikageuza uso pembeni nisiisome. Yeye akaitazama kwa mara ya mwisho, kidole kikiwa hewani.

"Unajua mji huu unauliza nini kuliko vyote?" akasema.

"Nini?"

"Jinsi ya kuomba msamaha."

"Nani hao?"

"Nukta," akasema, akabonyeza.

Miaka yote mitatu ya maswali ilichukua kama sekunde nne kuondoka. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kuzitoa zile kompyuta tano kwenye akaunti yake, moja moja, na kila moja akaiaga kwa namba. Alipomaliza akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Sasa nitajuaje kama umeugua?"

"Utaniuliza, Mama. Kama watu wengine."

Jumatano, 9 Aprili

Kikao cha kamati. Nilisoma ukurasa wangu kwa sauti. Nimependekeza Msahaulifu iwe ndiyo inayofunguka yenyewe kwenye kompyuta zote, Jabali iwepo pembeni kwa anayeitaka, kisanduku kizuiwe kudakia watu maneno, asiingie mtu yeyote na akaunti ya kudumu, hata mimi, hata mwenyekiti, na kivinjari kikifungwa kifute kila kitu. Mstari wa mwisho niliuandika hivi: "Mtu akiuliza hapa, tuweke nukta badala ya jina, na safari hii asiwepo mtu wa kukumbuka nukta ni ya nani."

Mwalimu akapinga, kama nilivyotarajia. "Nimeijaribu hiyo Msahaulifu yako, binti. Kwa Kiswahili ni mvivu. Nimetafuta magonjwa ya waridi, ikaniletea viatu."

"Ni kweli, Mwalimu. Hata mimi iliniletea ng'ombe."

"Kwa hiyo tuwape watu chombo hafifu?"

"Tuwape mlango wenye komeo kwanza. Mwenye shida ya waridi atabofya mara moja zaidi na kupata Jabali. Waridi halina aibu. Mwenye aibu hajui kubofya, na hawezi kuuliza, kwa sababu ana aibu. Ndiyo maana tunachagua kwa ajili yake kabla hajakaa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Siku ile nilisoma kwa sauti. Sikufanya vizuri." Wakapitisha. Alipokuwa anatoka alibeba ndoo ya rafu ya historia, akamwaga maji mwenyewe. Nimeanza kumpenda mzee huyu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda kwa fundi cherehani, kwenye kibanda chake. Nilihitaji blauzi inayofunguka mbele, ya kuvaa baada ya upasuaji, kwa kuwa mkono hautanyanyuka. Akanipima. Hakuuliza ni ya nini. Nikamshukuru kwa hilo, kwa sauti.

Alipokuwa anaandika vipimo nikasema, nikitazama vitambaa, "Kompyuta zetu zimetengenezwa. Hazikumbuki kitu tena. Mtu akifunga, zimesahau."

Chaki ikasimama. "Na wewe, Dada Shii? Wewe unakumbuka?"

"Mimi tangu utotoni ni msahaulifu sana."

Akacheka kidogo, pini mdomoni. "Vifungo vinne au vitano?"

Jumatatu, 21 Aprili

Amekuja. Namba tatu, saa nne kamili. Nilikwenda kupanga rafu ya mbali kabisa, ambayo haikuhitaji kupangwa.

Jumanne, 22 Aprili

Kesho. Mvua imetulia. Ninaogopa, na mdogo wangu anajua kwamba ninaogopa, na hivyo inavumilika.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia, huu wa kushoto uko likizo. Wametoa. Nimeamka na kiu na njaa ya viazi, mdogo wangu anasema ni dalili nzuri. Fundi Waya alikuja kuniona, na alifika siku aliyosema atafika. Niliguswa sana.

Mama Kadi alikuja na chupa ya uji. Akaniwekea mto vizuri, akasema mvua imepungua, akasema paa litazibwa, akaondoka. Kuhusu ugonjwa hakuuliza hata neno.

Jumanne, 6 Mei

Nimekuwa shangazi, au mama mkubwa, kwa usahihi zaidi. Msichana. Ana mapafu ya kupigia kelele. Nimemwambia "Shii" na hakunijali kabisa.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari amesoma majibu ya kile walichotoa. Kingo zote ni safi. Kuna mionzi ya wiki chache, kuna vidonge vya miaka, kuna kurudi kupimwa. Lakini kingo ni safi. Nimemshika ile mikono ya moto nikashindwa kuiachia.

Mama Kadi amekuja mara tatu tangu nitoke hospitali. Amefua nepi, amepika, ameimba. Hajauliza. Anaongea nami kuhusu bei ya sabuni! Nimeanza kumkasirikia upande wa pili. Nilimwambia asinichungulie, sikumwambia anipite kama nguzo ya umeme.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimerudi kazini kwa mara ya kwanza. Jua limewaka, ua wote unatoa mvuke, ndoo ni kavu. Nilifika saa mbili kasoro dakika ishirini, kwa mazoea tu, nikiwa na blauzi yangu ya vifungo vitano.

Mama Kadi alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa viatu vyake vya kazini, vya zamani. Nikafungua, akaingia nyuma yangu, akapita meza yangu, akakaa kwenye kiti cha kompyuta namba tatu, mgongo umenyooka, mkoba magotini, kama msomaji aliyekuja na shida na hajui aanzie wapi. Skrini ilikuwa nyeusi. Akaitazama kidogo, kisha akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, akaukumbatia mkoba, akaanza upya. "Mwanangu, nakuuliza. Unaendeleaje?"

Nikavuta kiti cha pili, nikakaa mbele yake, nikamweleza yote tangu ile punje ya mahindi. Yalikuwa mengi, na nusu yake alikuwa anayajua. Alinisikiliza kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza, mpaka wasomaji wakaanza kugonga mlango.